Maswali ya Wasomaji: Waliokufa tarehe 4 Julai, na mhunzi aliyeachwa huru

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa Kidato cha Pili ananiambia marais wawili wa Marekani walikufa siku moja, tena siku ya uhuru wa nchi yao. Nimembishia mpaka tumenuniana. Nani mkweli? Na kuna jingine la tarehe hiyo?
Mama wa watoto watatu, Tanga

JIBU: Marahaba mama. Mwanao ni mkweli, mpe haki yake. Tarehe 4 Julai 1826, miaka 50 kamili tangu Azimio la Uhuru lipitishwe Philadelphia, Thomas Jefferson alikata roho mchana nyumbani kwake Monticello, Virginia, akiwa na miaka 83. Jioni ileile John Adams, mzee wa miaka 90, akamfuata huko Quincy, Massachusetts. Inasimuliwa kuwa Adams, karibu na kukata kauli, alisema Jefferson bado yu hai. Angejuaje? Habari zilikwenda kwa farasi. Hata mwanawe, John Quincy Adams, ambaye ndiye aliyekuwa rais, alipata habari ya msiba akiwa njiani kwenda kwa baba yake, siku kadhaa baadaye.

Wazee hawa waliwahi kukosana vibaya kwa siasa, wakapatana kwa barua kuanzia 1812. Miaka mitano baada yao, James Monroe, rais wa tano, naye akafa 4 Julai 1831. Calvin Coolidge, aliyekuja kuwa rais pia, alizaliwa tarehe hiyo mwaka 1872.

Nimefundisha historia miaka 27. Kila mwaka niliandika ubaoni vifo viwili vile, darasa likashangaa, kengele ikagonga, tukatoka. Leo ningeingia darasani na jina la Joseph Fossett.

Fossett alikuwa mhunzi wa Monticello, mtumwa wa Jefferson. Mkewe, Edith, alikuwa mpishi. Alijifunza mapishi ya Kifaransa katika jiko la Ikulu ya Washington wakati Jefferson akiwa rais. Katika wosia wake Jefferson aliwaacha huru watu watano tu, kati ya watumwa zaidi ya mia moja aliokuwa nao. Fossett alikuwa mmojawapo, lakini uhuru wake ulipangiwa kuanza mwaka mmoja baada ya kifo cha bwana. Hesabu mwenyewe, mama: tarehe 4 Julai 1827.

Sasa angalia kilichotokea katikati. Jefferson aliacha deni la zaidi ya dola 100,000. Januari 1827 watu wa Monticello wakanadiwa ili lilipwe. Fossett, ambaye karatasi yake ya uhuru ilikuwa imebakiza miezi sita, alimwona Edith na watoto wao wakiuzwa. Mmoja wao, Peter, alikuwa na miaka 11. Tarehe yenyewe ilipofika, baba alikuwa mtu huru na mwanawe mali ya mtu mwingine. Hapo ndipo ninaposhindwa kuuita mwaka ule wa vifo viwili kuwa ajabu kubwa kuliko uliofuata.

Na siku hiyohiyo, 4 Julai 1827, sheria ya jimbo la New York ilimaliza utumwa huko. Watu weusi wengi wa jiji la New York waliandamana kusherehekea tarehe 5, si tarehe 4. Walichagua siku yao wenyewe.

Fossett hakukaa kimya. Alifua chuma, akahangaika mpaka akampata mkewe na baadhi ya watoto, kisha wakahamia Ohio. Peter alibaki utumwani miaka mingi zaidi, akaachwa huru mnamo 1850, akawafuata Cincinnati na kuwa mchungaji. Mwaka 1900, mzee wa miaka themanini na ushee, alirudi Monticello, safari hii akapokelewa kama mgeni.