Maya Bay: kuingia ruksa, kuogelea hapana

Watu huuliza kama Maya Bay, ghuba maarufu nchini Thailand, imefungwa moja kwa moja. Hapana, haijafungwa. Ilifungwa Juni 2018, ikafunguliwa tena Januari 2022, na sasa hupumzishwa kila mwaka Agosti na Septemba. Kwa hiyo ukienda Thailand miezi hiyo miwili, usilipie boti ya kukupeleka pale.

Kuogelea ndiko hakuruhusiwi. Unaingia majini hadi magotini, basi, na walinzi wa hifadhi wakikuona umezidi wanapuliza filimbi. Mimi nilisimama pale pale ukingoni, na papa wadogo wenye ncha nyeusi za mapezi wakapita karibu na miguu yangu, urefu wao kama mkono. Hao ndio sababu yenyewe. Kabla ya kufungwa, maelfu ya watu walishuka pale kwa siku, boti zikitupa nanga juu ya matumbawe mpaka mengi yakafa, na papa wakahama. Siku hizi boti hutia nanga upande wa nyuma, Loh Samah, halafu unatembea kwa miguu kwenye njia ya mbao.

Angalia pia losheni yako ya jua kabla ya kufunga begi. Yenye oksibenzoni au oktinoksati, kemikali zinazodhuru matumbawe, imepigwa marufuku katika hifadhi zote za bahari Thailand tangu 2021, na faini inafika baht 100,000. Shati la mikono mirefu linatosha kabisa.

Tarehe za kufunga zihakikishe kwanza, hali ya bahari huweza kuzibadilisha.