Usilipie hao wafuasi 10,000, utayaua matangazo yako kabla hujayaanza

Mkuu, simama hapo hapo. Usitume hiyo 25,000.

Kwa wanaoingia sasa kwenye uzi: mleta mada anauza magauni ya vitenge Kariakoo. Akaunti yake ya Instagram ina wafuasi 340, na kuna mtu amemwahidi wafuasi 10,000 "halisi, hawapungui, garantii siku 30" kwa 25,000. Anataka awaweke hao kwanza ili ukurasa usionekane mtupu, halafu amwage 300,000 kwenye matangazo ya kulipia. Anauliza kama jambo hili ni sawa.

Naanza na hiyo 300,000, maana ndiyo itakayoteketea. 25,000 utaisahau baada ya wiki moja.

Ukibonyeza kitufe cha kutangaza posti ndani ya Instagram, unaulizwa tangazo liwafikie akina nani. Chaguo linalokuja likiwa limeshatiwa alama, na wafanyabiashara wengi wanaliacha hivyo hivyo, ni la mtandao kukuchagulia wenyewe: watu wanaofanana na wafuasi wako. Soma tena hapo. Wanaofanana na wafuasi wako. Kwa hao 340 ulionao, ambao nadhani wengi ni wateja na marafiki wa wateja, mfumo unapata pa kuanzia: wanawake wa mijini, wanaofuata kurasa za mishono, wanaoandika Kiswahili, wanaopenda picha za harusi na send-off. Ukishaingiza 10,000 wa kununua, kila mfuasi mmoja wa kweli amezungukwa na karibu 30 wa bandia: akaunti zenye majina yasiyosomeka, za nchi ambazo hujawahi kutuma hata kitambaa, zinazofuata maelfu ya kurasa zisizohusiana. Halafu unaweka pesa yako halali na kuuambia mfumo, nitafutie wengine kama hawa.

Wale wanaokwenda mbali kidogo, wakafungua Meneja wa Matangazo wa Meta, kampuni inayomiliki Instagram, wanaumia zaidi. Kule unaweza kutengeneza hadhira ya watu waliogusa akaunti yako, hata kwa siku 365 zilizopita, kisha ukajenga hadhira nyingine inayofanana nayo. Laiki na komenti za kununua nazo ni kugusa akaunti. Kwa hiyo oda ya laiki 500 uliyoweka leo inaweza kubaki kwenye msingi wa matangazo yako mwaka mzima, wewe umeshasahau kama uliwahi kuiweka. Na hapa ndipo ninapokasirika, kwa sababu hadhira ya kufanana inahitaji watu 100 tu wa nchi moja ili ijengeke. Mia moja! Meta wanapendekeza 1,000 hadi 5,000, lakini wanasisitiza wawe wateja bora. Namba za simu za walionunua kwako na kukubali utumie taarifa zao, ukizipakia kule, zinatosha kuanzia, ingawa uwe nazo zaidi ya 100 kwa sababu si kila namba itakutana na akaunti. Hilo la kukubali usiliruke, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Yaani kitu unachohitaji unacho tayari kwenye WhatsApp yako, halafu unataka kulipa ili ukichafue.

Sasa angalia hasara inavyokwenda, kwa sababu haiji na kengele. Tangazo litapita, Instagram haitakuzuia. Utaona idadi ya waliofikiwa inapanda, laiki zinaingia, hata bei ya kila mbonyezo itaonekana nafuu. Kitakachokosekana ni mtu wa kuuliza "bei gani dada?" Siku ya tatu unaanza kujihoji. Labda gauni la 45,000 ni ghali, unashusha hadi 35,000. Labda picha ni mbaya, unalipa mpiga picha. Labda vitenge vimepitwa, unaagiza mtindo mwingine. Kumbe gauni halikuwa na tatizo, bei haikuwa na tatizo, ila tangazo lilionyeshwa kwa watu ambao hata ungegawa bure wasingekuja kuchukua. Hii ndiyo gharama kubwa kuliko zote, na haimo kwenye risiti yoyote: unapoteza uwezo wa kujua soko linakwambia nini. Mfanyabiashara mdogo hana mtafiti wala hana takwimu za kununua. Ana namba za ukurasa wake tu. Akizichafua hizo, amebaki kubahatisha, na kubahatisha kwa mtaji wa mkopo ndiko kunakofunga maduka.

Na hata usipolipia tangazo lolote, posti zako za kawaida zinaumia. Instagram haimwonyeshi kila mfuasi kila posti. Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, alieleza wazi mwaka 2021 kwamba mpangilio unategemea ishara: nani anapenda nini, amewahi kugusa posti zako au la, ana uwezekano gani wa kuandika komenti, kuhifadhi, kufungua ukurasa wako. Fanya hesabu. Watu 34 wakipenda posti kati ya wafuasi 340, hiyo ni asilimia 10, akaunti ndogo yenye afya. Watu hao hao 34 kati ya 10,340 ni asilimia 0.33. Hakuna mteja aliyekukimbia, ila kwenye karatasi umekuwa akaunti ambayo wafuasi wake hawaitaki. Mtu wa kwanza kuliona hilo ni yule mwenye duka la jumla au mtu maarufu uliyetaka kufanya naye kazi, kwa sababu anagawanya laiki kwa wafuasi kabla hajajibu ujumbe wako.

Kwa hiyo shika sheria moja tu, nyingine zote zitafuata: usiingize kwenye akaunti yako namba isiyoweza kukuuliza bei. Mfuasi, laiki, komenti, mtazamo wa video, vyote vipitishe hapo. Haiwezi kuuliza bei? Haingii.

Huyo anayekuuzia simwachi. Hao wanaojiita wataalamu wa masoko ya mtandaoni, wanaobandika matangazo yao kwenye kila komenti, hawatengenezi mfuasi hata mmoja. Wanajisajili kwenye paneli, yaani tovuti inayouza wafuasi na laiki kwa jumla, wanaweka salio, wanabandika linki yako na idadi, wanabonyeza. Paneli yenyewe mara nyingi imenunua kwenye paneli nyingine, nayo kwa nyingine. Ukimuuliza "hawa watu wametoka wapi?" hawezi kukujibu, kwa sababu hajui. Neno "halisi" kwenye orodha za paneli linamaanisha akaunti ina picha na posti kadhaa, basi. "Hawapungui" maana yake wakifutwa atajazia wengine ndani ya siku 30, na siku ya 31 hapokei simu. Na wanafutwa kweli. Desemba 2014 Instagram walifagia akaunti bandia, akaunti ya Instagram yenyewe ikapoteza karibu wafuasi milioni 19, na Justin Bieber zaidi ya milioni 3. Novemba 2018 wakatangaza kwamba wanaondoa laiki, komenti na ufuasi unaotoka kwenye programu za nje za kujiongezea umaarufu.

Unataka kujua wanakotoka? Mwaka 2017 polisi wa Thailand waliingia kwenye nyumba karibu na mpaka wa Kambodia wakakuta simu zaidi ya 400 zimepangwa kwenye fremu za chuma, pamoja na laini za simu zaidi ya 300,000. Huo ni upande mmoja. Upande wa pili ni akaunti za watu wa kweli zilizodukuliwa, au za watu waliotoa neno la siri kwenye programu za "pata wafuasi bure", ambazo sasa zinafuata kurasa bila wenyewe kujua. Akikuomba neno la siri ili "akuwekee kwa haraka", jua akaunti yako nayo inaingizwa kwenye ghala hilo, na mwisho wake unaweza kuikuta inatangaza mikopo ya uongo kwa jina la duka lako. Upande wa tatu ni wizi wa sura. Gazeti la New York Times lilipoichunguza Devumi, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiuza wafuasi bandia wa Twitter, Januari 2018, lilikuta maelfu ya akaunti zake zimenakili majina na picha za watu halisi, wakiwemo watoto.

Hapo sasa tumefika kwenye swali lako la kama ni sawa. Wengi watakujibu kwamba kila mtu anafanya na hakuna anayeumia. Kuna anayeumia, na ni mteja wako.

Biashara yetu ya mtandaoni inakwenda kwa "tuma kwanza". Dada wa Mwanza hajawahi kukuona, hajui fremu yako, anatakiwa atume 45,000 kwa simu na asubiri basi. Anaangalia nini kabla ya kuweka namba ya siri? Anaangalia wafuasi. Anajisemea, watu elfu kumi hawawezi kuwa wajinga, mimi ni nani nisimwamini. Hiyo namba kwake ni ushahidi kwamba wengine walishatuma pesa wakapata mzigo. Wewe unampa ushahidi wa kutunga. Tapeli anayefungua ukurasa wa nguo Jumatatu na kuufunga Ijumaa anatumia njia hiyo hiyo, kutoka paneli hizo hizo, kwa bei hiyo hiyo. Nia yako ni njema na mzigo utautuma, sikatai. Lakini ukilipia, umemsaidia yeye kuonekana kama wewe, na umemnyima huyo dada kitu pekee alichokuwa nacho cha kuwatofautisha.

Sheria nazo zimeanza kulitaja kwa jina. Devumi ilifungwa, mwaka 2019 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilifikia hukumu ya dola milioni 2.5 dhidi ya mmiliki wake. Kuanzia Oktoba 2024 kanuni yao mpya inambana muuzaji na mnunuzi pia, ikiwa mnunuzi alijua au alipaswa kujua kwamba ni bandia na akazitumia kujionyesha mkubwa kibiashara. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na sioni wafuasi wa kununua wanakwepaje hapo.

Unataka mteja mpya akuamini ukiwa na 340? Pokea malipo kwa Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la duka, ili anapotuma aone jina lile lile lililo kwenye ukurasa. Weka video ya fremu na namba yake. Kwa wa Dar, ruhusu walipe bodaboda akifika na mzigo. Waombe walionunua ruhusa ya kuweka picha zao wakiwa wamevaa. Na kwenye tangazo, acha lile chaguo la kuchaguliwa. Jaza mwenyewe mji, umri na mambo wanayopenda, kisha lengo liwe ujumbe wa WhatsApp, si laiki wala kutembelea ukurasa. Anza na 10,000 kwa siku kwa siku 5 na uhesabu waliouliza bei. Hizo nyingine 250,000 zisubiri majibu.

Ukija kuajiri kijana wa kusimamia ukurasa, usimlipe kwa idadi ya wafuasi aliyoongeza, atainunua kwa pesa ya vocha na wewe utamlipa mshahara. Mlipe kwa waliouliza na walionunua.

Na kama ulishatuma hiyo pesa kabla ya kusoma hapa: mwambie asimamishe oda, pamoja na ile ya kujazia, la sivyo utakuwa unafuta naye anarudisha. Badilisha neno la siri, washa uthibitisho wa hatua mbili, ingia kwenye mipangilio uondoe kila programu ya nje usiyoijua. Futa hadhira yoyote iliyojengwa kwa waliogusa akaunti. Kisha ondoa wafuasi wa bandia mmoja mmoja, kidogo kidogo kila siku, kwa sababu ukiondoa mamia kwa mkupuo Instagram inaweza kukuzuia kwa muda. Wakishafika wote 10,000, usipoteze miezi: fungua akaunti mpya, waandikie wateja wako kwenye WhatsApp waifuate, na ile ya zamani iache na posti moja inayoelekeza kwenye mpya.

Ukishafuta oda, rudi hapa uandike bei za magauni yako na wateja wako wengi wako mkoa gani, nikupangie hilo tangazo la kwanza.