Usiache akili mnemba kwa ajili ya kwanta

Mdogo wangu, umeuliza kama uache akili mnemba ukasome kompyuta za kwanta (zinazokokotoa kwa kanuni za fizikia ya chembe ndogo mno), kwa kuwa umesikia zitazika kompyuta kuu, zile kubwa zenye nguvu kupita za kawaida. Usiache. Kule Kobe, Japani, mwaka 2025 mashine ya kwanta ya IBM yenye kyubiti 156 (kyubiti ni kipimo kidogo kabisa cha taarifa katika kompyuta ya kwanta) iliwekwa pamoja na kompyuta kuu Fugaku, zigawane kazi. Kyubiti hukosea mno (joto dogo tu huzivuruga), na Google wameshafunza akili mnemba, AlphaQubit, kuyatambua makosa hayo. Kwa hiyo anza na vekta, matriki na uwezekano, kisha lugha ya programu Python na mfumo endeshi Linux. Qiskit, zana ya IBM ya kuandikia programu za kwanta, ni bure. Kompyuta mpakato ya kawaida inatosha kuigiza kyubiti 20. Zile kozi za kulipia za “kwanta kwa wiki mbili” achana nazo.