Telekonvata ya 1.4x au 2x kwenye 300mm f/4: jaribu na noti ya elfu kumi

Mkuu umeuliza lenzi yako ya 300mm f/4 ukiipachika telekonvata ya 2x (kile kipande cha glasi kinachokaa kati ya lenzi na kamera kukuza picha) itatoa picha kali au bora upige hivihivi halafu ukropu, yaani ukate kingo ubaki na katikati. Mimi ninayo 300 kama hiyo na konvata zote mbili, bodi, yaani kamera yenyewe, ni ya sensa ndogo megapikseli 24, nishazipima sana hapa Moshi nyuma ya nyumba na porini pia.

Kwanza hesabu. Namba ya f ni uwazi wa tundu la lenzi, ikiwa kubwa tundu ni dogo, na stopu moja ni nusu ya mwanga. 1.4x inakula stopu moja, unabaki na 420mm f/5.6. 2x inakula mbili, inakuwa 600mm f/8, na hiyo f/8 ndo lenzi imefunguka yote, usidhani umeifunga. Ni kama kuzimua supu, nyama ileile maji yameongezeka, na kila kasoro ya lenzi inakuzwa pamoja na picha.

Kupima ni bei chee tu. Bandika ukutani ukurasa wa gazeti wenye matangazo madogo na noti ya elfu kumi, aisee ule mchoro wa tembo una mistari myembamba balaa, lenzi legevu inajiumbua hapohapo. Rudi nyuma mita 10 mpaka 15, stendi nzito, zima kizuia mtikisiko, taima sekunde 2, fokasi kwenye skrini ukiwa umekuza mpaka mwisho, na kila ukibadili f fokasi upya upige fremu kadhaa uchukue iliyo bora, maana fokasi ikiteleza kidogo utaisingizia glasi bure. Fanya saa moja asubuhi. Ikifika saa tano mabati na lami vimeshika moto, hewa inacheza, hapo hakuna lenzi utakayoipima kwa haki hata ya mamilioni.

Yangu 300 peke yake ni kali tangu f/4. Na 1.4x kwenye f/5.6 kontrasti inashuka, f/8 inarudi, sina neno nayo. 2x kwenye f/8 imelainika, pembeni ndo usiseme, f/11 katikati inakaa vizuri ila difraksheni (mwanga kutawanyika ukipita tundu dogo, picha inalainika) nayo imeshaanza kula kwenye pikseli ndogo, f/16 usiende kabisa. Halafu chukua ile ya 300 tupu uikuze ifike ukubwa wa ya 2x uziweke sambamba: kwenye stendi 2x kwa f/11 inashinda, herufi za gazeti zinasomeka.

Sasa nenda na hiyo f/11 Hifadhi ya Arusha ukampige mbega kwenye kivuli cha msitu uone. Shata unataka ya sekunde 1/1000, ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) inapaa 6400 na kuendelea, manyoya yote yanakuwa chenga. Hapo mimi natumia 1.4x halafu nakropu, bila kujiuliza. Flamingo wa maziwa ya Momella, humohumo hifadhini, asubuhi jua likiwa wazi na wako karibu, sawa 2x ipachike, wakiwa ng'ambo ya ziwa achana nao.

Tena kama bodi yako ni SLR ya zamani, ile yenye kioo ndani, nyingi hazifokasi zenyewe kwenye f/8 ukichungulia kwenye kitundu. Mirolesi, zile zisizo na kioo hicho, hazina shida hiyo sana.

Nunua 1.4x. 2x azima kwanza. Na ukienda dukani beba lenzi yako, kioo cha mbele cha konvata nyingi kinachomoza, kwenye lenzi isiyo yake kinagonga glasi ya nyuma.