Kabla Hujanunua Redio Mpya za Kamera za Barabarani, Soma Hapa

"Shikamoo kaka. Nimepata kazi ya kamera za barabarani huku Bunda, redio zilizopo zinakatakata sana. Naomba unitajie redio kali ya kilomita 10. Bajeti ipo."

Redio anayoisema ni kile kifaa cha kurusha picha na data angani kutoka nguzo hadi nguzo, si ya kusikilizia muziki. Meseji za namna hii napata mara kwa mara, ila hii ya wiki iliyopita imenikaa kichwani kwa sababu ya yale maneno mawili ya mwisho. Marahaba, mdogo wangu. Bajeti ikitangulia vipimo, anayeila ni mwenye duka. Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikaona niwaandikie wote, maana najua wengi mnaonisoma mmechoka kufunga ving'amuzi na waifai za gesti, mnataka kuingia kwenye kazi za barabara kuu ambako kuna hela na heshima. Hela ipo. Heshima nitaizungumzia huko mbele.

Kazi ninayoisimulia ni ya kipande cha barabara kuu upande wa Usagara, nje kidogo ya Mwanza. Mteja simtaji. Alikuwa na kamera kwenye nguzo kadhaa, rada za kuhesabu magari, na mabango ya kielektroniki ya kuwaambia madereva habari za foleni na michepuko. Vyote vilituma taarifa kwa redio za 2.4 GHz, masafa yaleyale ya waifai za nyumbani, zilizofungwa zamani, Buhongwa ikiwa bado na mashamba. Aliponiita alishajipa jibu: redio zimechoka, leta mpya zenye kasi.

Nikaomba muda wa kupima kwanza. Alikunja uso, lakini alinipa. Kumbe mchana kutwa picha zilikuwa safi kabisa. Ikifika saa moja jioni zinaanza kuganda, lori linaonekana nusu, kisha linatokea mbele kama limeruka. Mpaka saa tano usiku hivi, hali inarudi taratibu. Hapo nikajua redio hazina kosa, kwa sababu kifaa kilichochoka hakichagui saa.

Sababu zilikuwa mbili na zilikutana saa ileile. Ya kwanza ni majirani. Kwenye 2.4 GHz chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, na ruta ya kila nyumba, kila duka la vinywaji na kila gesti inagombea hizohizo. Watu wakirudi nyumbani jioni, kelele angani zinapanda. Kipima masafa kilinionyesha kelele za -78 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) wakati mawimbi yangu yanafika yakiwa -74. Tofauti ya dB 4 haiwezi kubeba video.

Sababu ya pili mafundi wengi hawaitazami: kamera yenyewe. Giza likiingia kamera inajikamua ione, picha inajaa chengachenga, na kila chenga kwake ni kitu kipya cha kutuma. Kwa hiyo usiku, barabara ikiwa tupu, kamera inatuma data nyingi kuliko mchana. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaifungia kikomo cha data, nikaibadilisha njia ya kubana video kutoka H.264 kwenda H.265, ambayo kwa picha ya ubora uleule inakula karibu nusu. Usiku uleule hali ikapungua ukali, na sikuwa nimenunua hata skrubu. Mteja alikuwa ameshaandaa oda ya redio mpya.

Swali la redio gani linakuja mwisho. Linalotangulia ni hili: nani anahitaji taarifa, na anahitaji nini hasa?

Sisi wa huku tulikuwa na huduma ya taarifa kwa wasafiri kabla ya kamera yoyote. Enzi za kivuko cha Kigongo, kabla Daraja la J.P. Magufuli halijafunguliwa tarehe 19 Juni 2025, nilimjua dereva wa fuso la Geita ambaye akifika Usagara lazima ampigie mama lishe mmoja pale Kigongo. "Mama, foleni imefika wapi?" Mama anachungulia nje ya banda, mwiko mkononi. "Imefika kwenye mwembe, na leo kinachovusha ni kimoja." Basi, dereva anajua ale Usagara kabisa au akaze mwendo. Jibu lile linaenea kwenye SMS moja ya herufi 160 na nafasi ya salamu inabaki. Wamarekani walilitengea jambo hili namba maalumu, 511, mwaka 2000, dereva apige aambiwe hali ya barabara. Na kule huduma ilianza kwa sauti ya simu. Video haikuwemo.

Nikamwandikia mteja pendekezo. Video ya moja kwa moja ibaki sehemu mbili tu, kwenye makutano ambako mtu wa ofisini anatakiwa kuona na kuamua papo hapo. Kamera nyingine zitume picha mnato moja kila dakika kupitia laini ya simu ya 4G. Rada za kuhesabu magari nazo zipite humohumo, kwani takwimu zake ni nyepesi mno. Mabango yapokee maneno kwa data, na mtandao ukikata yapokee kwa SMS.

Hesabu yake ni hii, inakili. Video ya Mbps 2 ikiwaka saa 24 inafikisha GB 21.6 kwa siku. Picha mnato ya KB 100 kila dakika ni picha 1,440, yaani MB 144 kwa siku, au kama GB 4.3 kwa mwezi, bando ambalo hata mwanafunzi wa chuo analimaliza. Ukihamisha kamera nyingi kwenda kwenye picha mnato, redio zinazobaki hazina mzigo tena.

Kwenye kikao pendekezo langu lilichekwa. Bwana mmoja aliyevaa tai alisema hayo ni "mambo ya SMS, enzi za Nokia ya tochi," na meza nzima ikacheka. Nilicheka nao. Nilifika nyumbani sijala, nikamwambia mke wangu nimeshiba huko. Wiki chache baadaye walipopata bei halisi ya kuweka video kila nguzo, wakaniita tena. Hakuna aliyekumbuka kikao.

Zile sehemu mbili za video tulizihamishia masafa ya 5.8 GHz kukwepa kelele za majirani. Hapo kuna mtego wake. Ukiwa na kilomita 6 katikati, haitoshi nguzo mbili kuonana kwa darubini. Mawimbi yanahitaji uwazi ulionenepa katikati ya njia, eneo la Fresnel, ambalo kwa masafa hayo na umbali huo nusu kipenyo chake ni kama mita 8.8. Angalau asilimia 60 ya hiyo iwe wazi, yaani mita 5 na kidogo juu ya kila kilichopo njiani. Mwembe uliopandwa mwaka huu hauna shida. Ukishachanua, simu yako itaita.

Njia moja kati ya hizo ilikuwa inakatiza Ghuba ya Mwanza, kwa sababu vilima vilitunyima njia ya nchi kavu. Hii ndiyo sehemu ninayojivunia, mniwie radhi. Mchana ilikuwa imara kabisa. Alfajiri, ziwa likiwa limetulia kama kioo, mawasiliano yanakufa mpaka saa mbili asubuhi, upepo unapoanza kuvunja maji. Mafundi wengine walitaka kuongeza urefu wa mlingoti. Mimi nikasema antena ishuke. Walidhani natania.

Ukweli ni kwamba maji yaliyotulia yanarudisha mawimbi. Antena ya ng'ambo inapokea mawili: yaliyokuja moja kwa moja na yaliyodunda majini. Yakifika yamepishana, yanafutana. Ukipandisha mlingoti, mara nyingi unaiongezea antena nafasi ya kuyaona maji. Nikatafuta jiwe. Mwanza kama kuna kitu hatukosi ni mawe. Tukashusha antena nyuma ya jabali moja, kwa kimo ambacho kingo ya jabali inaficha maji lakini antena ya ng'ambo bado inaonekana juu yake. Upande wa pili tukauacha juu kilimani. Kesho yake alfajiri nilikaa pale na chupa ya chai natazama namba kwenye simu. Hazikutikisika. Yule aliyesema natania aliniomba nimwelezee tena, nikamwelezea, na sasa hivi anafundisha wengine bila kusema alikolitoa.

Vibali nitavipitia haraka kwa kuwa vinachosha: kabla ya kuwasha chochote, ulizia Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kama masafa hayo yanahitaji leseni na kama kifaa chenyewe kimeidhinishwa kutumika nchini. Fanya hivyo kwa maandishi. Kuna watu wameng'olewa vifaa.

Umeme nao unaua kazi kuliko mawimbi. Kamera ya wati 10, redio ya wati 8 na modemu ya wati 4 ni wati 22, yaani Wh (wati-saa) 528 kwa saa 24. Betri moja ya 12 V, Ah 100, ina Wh 1,200, lakini ile ya asidi ukiitumia chini ya nusu mara kwa mara umeiua. Kwa hiyo una Wh 600, siku moja na kidogo. Masika ya hapa yanaweza kukuletea mawingu siku tatu mfululizo. Weka betri ya ziada, na weka kizimba cha chuma kilichochomelewa, kwa sababu betri yako ni nzuri pia kwa muziki wa mtu mwingine.

Na radi. Pwani ya ziwa hili ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa radi sana duniani, kwa hiyo anayekwambia athi ni gharama isiyo ya lazima, mwache apande yeye mlingoti. Chimbia fimbo, unganisha nguzo, boksi na dishi kwenye athi moja, weka vikinga radi pande zote mbili za waya. Tena panda ukiwa na mkanda. Vijana mnapiga picha juu ya minara mkono mmoja hewani, mnatafuta "like". Familia zenu hazili "like".

Kuhusu modemu, usichukue ya bei rahisi ya kizazi kimoja cha mtandao. Mwaka 2022 kampuni kubwa za simu za Marekani zilizima 3G, na vifaa vilivyotegemea 3G peke yake vikawa vyuma vitupu. Chukua inayoshika 4G na inayoweza kurudi chini, yenye nafasi ya laini mbili za mitandao tofauti.

Sasa heshima. Siku wageni walipokuja kuonyeshwa mfumo, bango likawaka, picha zikaja, kila mtu akapiga makofi. Kijana mwenye kizibao kipya akaeleza kwamba kazi ilibuniwa na "timu yetu ya ndani". Hata jabali alilieleza. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na jenereta kwa sababu niliambiwa nikae tayari likizima. Pilau nilipewa. Malipo ya mwisho yalikuja baada ya kuyafuata mpaka mlinzi wa getini akawa ananiita shemeji. Sina kinyongo. Ninacho kidogo.

Ndiyo maana nawaambia, na nitarudia mpaka mnichoke: pimeni, andikeni, sainisheni. Mchoro wako uwe na jina lako na tarehe. Usitume pendekezo lote kabla mkataba haujasainiwa. Tuma matokeo ya vipimo, jinsi ya kutibu baki nayo. Msikimbilie boksi la redio. Kila anayekuja kwangu anataja boksi, hakuna anayetaja vipimo. Pimeni jioni, pimeni alfajiri, pimeni mvua ikinyesha.

Hata bango lenyewe lipime. Gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kwa sekunde, kwa hiyo bango linalosomeka kutoka mita 200 lina sekunde 9 tu. Nililikuta linaandika "Ndugu dereva, tafadhali zingatia kuwa mbele yako kuna shughuli za ujenzi." Nikaweka: "MCHEPUKO KM 2. FOLENI DAKIKA 20." Walilalamika kwamba halina adabu. Utingo mmoja wa basi la Sirari aliniambia ni mara ya kwanza dereva wake kulisoma hadi mwisho.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini tusilaze faiba tukamaliza. Mahali barabara ilipokwisha na mfereji upo, laza, ndiyo bora kuliko yote haya. Mahali inapochimbwa, kijiko hakijui faiba ni nini, na siku kikiikata, redio yako ya akiba iwe tayari imeshapimwa.