Runinga imeanguka dukani: nani alipe?

SWALI: Wakili, hujambo? Mwezi jana niliingia duka la vifaa vya umeme pale Luthuli jijini Nairobi, yale ya vibanda vilivyobanana ndani ya jumba moja. Nilipogeuka kumpisha mtu, begi langu la mgongoni liligusa runinga ya inchi 43 iliyosimamishwa juu ya katoni pembeni mwa njia. Ikaanguka, kioo kikapasuka. Bei iliyobandikwa ilikuwa Sh32,000. Mwenye duka alichukua kitambulisho changu, akasema nisipolipa atanipeleka polisi kwa kuharibu mali, na kitakachobaki atamkata msichana anayemuuzia. Nilituma Sh10,000 kwa M-Pesa kwa kumhurumia yule dada. Sasa napigiwa simu kila siku nikidaiwa Sh22,000. Je, ni haki? – Msomaji, Kayole

JIBU: Ndugu msomaji, kitu kuanguka kwa kuguswa nawe hakukufanyi mdeni. Sheria yetu inauliza swali moja kwanza: ni nani aliyekosa uangalifu? Na anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha. Mwenye duka akishindwa kuonyesha kwamba ulikuwa mzembe, basi hasara ni yake, hata kama begi ni lako na kila mtu aliliona likiigusa ile runinga.

Uzembe hupimwa kwa kumtazama mtu wa kawaida mwenye busara: angefanya nini mahali pale, wakati ule? Kipimo hiki tulikirithi Uingereza, na kesi maarufu ya uzembe ni Donoghue v Stevenson ya 1932, ambayo mahakama zetu huitaja hadi leo. Sasa kitumie kwa kisa chako. Mtu wa kawaida huenda Luthuli na begi mgongoni, maana ndivyo watu wa Nairobi wanavyotembea mjini. Humpisha mwenzake njia ikiwa nyembamba. Kama hukuwa unakimbia, hukuwa unacheza, wala hukuwa umeonywa uvue begi, sioni uzembe mkubwa upande wako.

Upande wa pili ndio wenye mengi. Aliyeisimamisha runinga ya inchi 43 juu ya katoni tupu, ukingoni mwa njia, alijua wateja hupita hapo wakibanana siku nzima. Runinga hizi ni nyembamba na miguu yake ni miembamba vilevile. Zinahitaji kufungwa ukutani au kuwekwa ndani ya rafu pana. Aliyeamua kuuzia njiani ili apate nafasi zaidi alijitwika hatari hiyo mwenyewe. Hebu fikiria ingekuangukia mguuni: chini ya Sheria ya Dhima ya Wakaaji wa Majengo, Sura ya 34, wewe ndiye ungekuwa unamdai fidia, kwa mpangilio uleule wa bidhaa. Naona vigumu mpangilio huo uwe hatari kwa mguu wako kisha uhesabiwe kuwa salama kwa runinga yake.

Huenda mahakama ikaona nyote wawili mlikosea kidogo. Hilo linawezekana, na ndilo matokeo ninayoyaona mara nyingi kesi za namna hii zinapopimwa kwa utulivu. Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, inaruhusu lawama igawanywe. Hapo ndipo hesabu inapokuwa muhimu, na hapo ndipo wateja wengi huumizwa.

Fidia hulenga kumrudisha aliyepata hasara pale alipokuwa kabla ya ajali, si kumpatia mauzo. Sh32,000 ni bei ya rejareja, yenye faida ndani yake. Kama anaweza kuagiza nyingine kwa msambazaji wake kwa bei ya jumla, hasara yake ni hiyo bei ya jumla. Pia usisahau mabaki. Kioo kikipasuka, runinga haitengenezeki kwa faida, kwa kuwa kioo kipya hukaribia bei ya seti nzima. Lakini bodi kuu, pawa saplai, spika, rimoti na miguu bado ni mali, na mafundi wa huko huko Luthuli huvinunua. Tuseme kwa mfano aliinunua Sh27,000 na mabaki yana thamani ya Sh3,000. Hasara ni Sh24,000. Lawama ikigawanywa nusu kwa nusu, sehemu yako ni Sh12,000, na umeshalipa Sh10,000. Na ikiwa mtu amelipia kitu chote kikamilifu, basi mabaki ni yake, ayachukue.

Baadhi ya maduka hubandika tangazo: ukivunja, lipa. Halina nguvu ambayo watu hudhani linayo. Likiwa mlangoni na likasomeka, mwenye duka anaweza kulitaja kama masharti uliyoyakubali kwa kuingia. Likiwa nyuma ya kaunta, ukaonyeshwa baada ya ajali, halikufungi.

Kuhusu polisi, kuwa na amani. Kosa la kuharibu mali chini ya kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu linahitaji mtu awe amefanya kwa makusudi na bila haki. Ajali haimo. Hili ni deni la kiraia kama ni deni kabisa, na kukusanya madeni si kazi ya kituo cha polisi. Kitambulisho nacho hakiwekwi rehani. Kama bado anacho, kidai leo kwa maandishi, na akikataa, nenda ukaripoti polisi upate nambari ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio.

Anayetaka haki yake ana mlango ulio wazi: Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inasikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, na kesi inapaswa kuisha ndani ya siku 60. Huhitaji wakili kujitetea. Mwambie mwenye duka hivyo simu inayofuata ikija, kwa upole, kisha umtumie ujumbe: kwamba Sh10,000 ulizituma bila kukubali lawama, kwamba unaomba risiti ya jinsi alivyoinunua ile runinga, na kwamba unamtaka ahifadhi picha za kamera za siku hiyo. Fanya haraka, kwa sababu mitambo ya kamera hufuta picha za zamani ili kurekodi mpya. Ukipita hapo tena, piga picha ya njia na jinsi bidhaa zilivyopangwa.

Nimalizie na yule dada, kwa kuwa ndiye aliyekufanya utoe pesa, na moyo wako ulikuwa mahali pake. Vitisho vya kumkata mshahara haviko sawa kisheria. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Yeye hakuigusa runinga, na kama aliambiwa aiweke pale, aliweka alipoagizwa. Hata makato yanayoruhusiwa, yakijumlishwa yote, hayapaswi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Wauzaji wengi wa vibanda hawana mkataba wa maandishi na hudhani kwa hiyo hawana haki. Sheria hiyo inatambua mkataba wa mdomo pia. Inaniuma sana kuona wasichana hawa wakibeba hasara za biashara ambayo faida yake hawaionji. Ukikutana naye, mwambie ahifadhi ujumbe wa M-Pesa wa kila mshahara anaolipwa, na akikatwa, aende kwa afisa wa leba akiwa na ujumbe huo.

Mwenye duka ana miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi ya uzembe. Zitunze picha na jumbe zako hadi muda huo uishe.