Jenereta mbili za DC, moja inabeba mzigo zaidi

SWALI: Nina jenereta mbili za DC (umeme wa mkondo mnyoofu) aina ya shanti (koili yake ya sumaku hulishwa na umeme wa jenereta yenyewe), za ukubwa mmoja, zinalisha laini moja. Bila mzigo kila moja inasoma volti 230. Nikiweka mzigo wa amperi 150, ya kwanza inabeba 100, ya pili 50, na laini inashuka hadi volti 220. Je, niongeze fildi (nguvu ya sumaku) ya jenereta ya pili mpaka amita zilingane?

JIBU: Amita zitalingana, ndiyo, ila kwa mzigo huo tu. Nakusihi usiguse reostati (kirekebishi cha fildi) kwanza.

Ya kwanza imepoteza volti 10 kwa amperi 100, sawa na omu 0.1. Ya pili imepoteza volti hizohizo kwa amperi 50, yaani omu 0.2. Hapo ndipo penye tatizo: volteji ya jenereta ya pili inashuka haraka maradufu kadiri inavyobebeshwa. Kwa kuwa zimefungwa kwenye laini moja, volteji yao lazima iwe moja, basi inayoshuka taratibu ndiyo inayobeba zaidi.

Sasa tuseme umeongeza fildi ya jenereta ya pili hadi isome volti 237.5 bila mzigo. Kwa mzigo wa amperi 150 kila moja itabeba 75, na laini itasimama kwenye volti 222.5. Safi kabisa. Lakini mzigo ukishuka chini ya amperi 37.5, jenereta ya kwanza itaanza kupokea umeme badala ya kuutoa, na itazunguka kama mota. Ukizima mzigo wote, amperi 25 zitatoka ya pili na kuingia ya kwanza.

Mashine za ukubwa mmoja hazipaswi kutofautiana hivyo, kwa hiyo tafuta chanzo. Pima mwendo wa kila injini bila mzigo na ikiwa na mzigo. Gavana (kidhibiti mwendo cha injini) iliyolegea hushusha mzunguko, na volteji hufuata. Kisha kagua brashi, komuteta (sehemu inayozunguka ambayo brashi hugusa), viungo vya nyaya na urefu wa kebo. Ikishindikana kabisa, ongeza omu 0.1 kwenye kebo ya jenereta ya kwanza. Kila moja itabeba 75, ingawa laini itashuka hadi volti 215 na ukinzani huo utakula wati 562 kama joto, kwa hiyo uchague wa kuhimili hilo.

Kwa vyovyote vile, kila jenereta iwe na rilei ya mkondo wa kinyume (inayoikata jenereta umeme ukianza kuingia ndani yake), na uijaribu kabla ya kuziunganisha tena.